Jicho la Swaleh na macho ya babu yake

Swali: "Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Langoni, Lamu. Mwanangu Swaleh ana miaka minane. Watu wa afya walikuja shuleni kwao wakawapima macho, ikaonekana la kulia ni 6/6 na la kushoto ni 6/24. Hana makengeza. Tulimpeleka Mombasa, akapewa miwani, tukaambiwa arudi baada ya miezi mitatu na huenda lile jicho zima likazibwa ili hili jingine lifanye kazi. Mama mkwe amekataa katakata, asema ni kumtesa mtoto na mwisho atakuwa kipofu wa yote mawili. Jirani yetu naye ana programu ya simu, asema yafundisha ubongo kuona, shilingi 3,000 kwa mwezi, na yafaa hata kwa baba mkwe. Yeye alikuwa nahodha, sasa presha ya macho imemla, aona kama anayechungulia tunduni na hugonga kila mlango. Je, ni kweli ubongo unaweza kufundishwa kuona? Tuanze na lipi?" – Mama Swaleh

Waalaikumu salaam, Mama Swaleh.

Nianze na hizo 3,000: usizitoe. Ziweke, zitakufaa kwa nauli ya boti hadi Mokowe na basi la Mombasa, maana ile safari ya kurudi hospitali ndiyo itakayoamua mambo. Sasa swali lenyewe. Ndiyo, ubongo hufundishika kuona. Kwa Swaleh, huko kufundishika ndiko tiba yenyewe. Kwa babu yake habari ni nyingine, na nikikupa jibu moja kwa watu wawili nitakuwa sina tofauti na jirani yako.

Jicho hupokea mwanga na kuupeleka. Kuona kwenyewe hufanyika kisogoni, sehemu ya nyuma kabisa ya ubongo. Chukulia mtu amekaa chumbani, kila mara analetewa barua mbili za habari ile ile. Moja ina hati safi. Nyingine imerowa, wino umesambaa. Atasoma ipi? Mwanzoni atahangaika na zote mbili. Baada ya miaka, ile iliyorowa haifungui tena, na ukimuuliza hati yake inasomwaje, hajui, kwa sababu hakupata kujifunza. Hayo, kwa vipimo ulivyonitajia, ndiyo yaliyompata Swaleh. Jicho lake la kushoto lilihitaji lenzi tangu utotoni, la kulia halikuhitaji. Hakuna aliyegundua kwa sababu mtoto mwenye jicho moja zuri hukimbia, hucheza mpira na kusoma ubao kama wenzake. Yeye mwenyewe hawezi kulalamika. Ataanzaje kujua kwamba wenzake wanaona kwa mawili?

Miwani sasa imeisafisha hati. Lakini msomaji bado hajui kuisoma, na ndiyo sababu mtoto anavaa miwani mipya, unamfunika jicho la kulia, na bado anakwama kwenye herufi kubwa. Wazazi wengi hukata tamaa hapo, wakasema miwani ni mibovu. Si mibovu. Hiyo 6/24 maana yake ni kwamba herufi ambayo jicho la kawaida huisoma mita 24, yeye inabidi aisogelee hadi mita 6. Hali hii kitaalamu huitwa ambliopia, na mitaani huitwa jicho vivu, jina nisilolipenda kabisa. Jicho lenyewe halina kosa, na nimeona watoto waliochapwa kwa uvivu wa jicho lao.

Miezi mitatu uliyoambiwa usione kwamba umecheleweshwa. Miwani peke yake hufundisha. Utafiti mmoja wa Marekani wa watoto wa miaka 3 hadi 6, ambao tatizo lao lilikuwa hili la jicho moja kuhitaji lenzi tofauti na jingine, ulikuta 27% walipona kabisa kwa kuvaa miwani tu, bila kuzibwa jicho. Swaleh ni mkubwa kuliko hao, kwa hiyo sikupi ahadi, lakini kila mstari wa chati ya herufi atakaoupata kwa miwani ni mstari ambao hautaudai kwa plasta ya kuziba jicho. Sharti ni moja: aivae tangu anapoamka hadi anapolala, shuleni na chuoni kwa mwalimu wake wa Qur'ani. Kuivaa asubuhi na kuificha mkobani mchana ni kutupa pesa.

Sasa mama mkwe. Mpe heshima yake, kwa sababu hofu yake ina chembe ya ukweli. Jicho zima likizibwa kutwa nzima kwa muda mrefu bila mtu kulipima, hasa kwa mtoto mdogo sana, linaweza nalo kufifia. Ndiyo maana plasta hii haianzwi nyumbani kwa kusikia, na ndiyo maana kuna tarehe za kurudi. Kwa saa chache kwa siku, kwa mtoto wa miaka minane anayepimwa kila baada ya wiki kadhaa, jambo hilo ni nadra, na likitokea kwa kawaida hurekebishika kwa kupunguza saa. Mwambie pia hili, kwa sauti yako ya upole: siku Swaleh akipata ajali ya jicho la kulia, la mpira au la mwiba, jicho la kushoto ndilo litakalobaki. Je, liwe la 6/24?

Kwa nini tuna haraka na mtoto? Katika miaka ya 1960 huko Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel waliwashona kope za jicho moja paka wachanga, wakazifungua baada ya miezi. (Watu wa Lamu tulivyo na paka wetu, najua itakuuma kusoma haya.) Jicho lilikuwa zima, lakini paka hakuona kwalo. Walipopima seli za ubongo zinazohusika na kuona, karibu zote zilikuwa zimehamia kulitumikia jicho lililobaki wazi. Paka mkubwa alipofanyiwa vivyo hivyo hakupata dhara hilo. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel, na tangu hapo kila mwanafunzi wa macho hufundishwa kwamba utotoni kuna kipindi ambacho ubongo ni udongo mbichi.

Somo ni la kweli, ila lilikazwa kupita kiasi. Likageuka kuwa "baada ya miaka saba mlango umefungwa". Nami nilisomeshwa hivyo, nikawasomesha wazazi hivyo. Wapo watoto wa miaka tisa na kumi ambao niliwarudisha nyumbani kwa miwani na neno la pole, kwamba wangeletwa mapema. Nilikosea, na hao sasa ni watu wazima.

Mwaka 2005 watafiti wa macho ya watoto huko Marekani walitoa matokeo ya watoto 507 wa miaka 7 hadi 17. Wote walipewa miwani waliyohitaji. Nusu wakaongezewa kuzibwa jicho saa 2 hadi 6 kwa siku. Katika umri wa Swaleh, yaani miaka 7 hadi 12, waliozibwa, ambao pia walipewa matone ya atropini (yanayolififisha jicho zima kwa muda) na kazi za karibu, 53% walipanda mistari miwili au zaidi kwenye chati ya herufi. Waliovaa miwani tu walikuwa 25%. Hata vijana wa miaka 13 hadi 17 ambao hawakuwahi kutibiwa, 47% walipanda, dhidi ya 20%. Kwa hiyo mlango haujafungwa. Unafungwa polepole, na bawaba zake hazifanani kwa kila mtu. Yuko Susan Barry, mtaalamu wa ubongo wa Marekani, aliyekuwa na makengeza tangu utotoni. Alifikisha miaka 48 ndipo mazoezi yakayafanya macho yake yashirikiane, na kwa mara ya kwanza akaona usukani wa gari lake umejitenga na vilivyo nyuma yake. Watu wa namna hiyo wapo, lakini usimpangie mwanao maisha kwa mfano wa mtu mmoja.

Haya, ikifika siku ya plasta, mambo yenyewe yatakwenda hivi. Daktari ndiye atakayekupa saa. Kwa watoto wadogo wenye kiwango kama cha Swaleh, utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha saa 2 kwa siku zilifanya kazi sawa na saa 6, kwa hiyo usishangae ukipewa mbili, wala usiongeze kwa pupa. Plasta hubandikwa kwenye ngozi, juu ya jicho la kulia, kisha miwani ivaliwe juu yake. Ukibandika kitambaa kwenye kioo cha miwani, mtoto atachungulia kando na jicho la kushoto litaendelea kupumzika. Usilaumu, ubongo hupenda njia rahisi. Wakati wa kaskazi jasho huibandua, basi chagua saa za jioni kukiwa na upepo, na ukiitoa irowanishe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, ngozi isichubuke.

Katika saa hizo mbili mpe kazi ya karibu inayomtaka akaze jicho. Ninyi mna bahati, nyumba nyingi za Lamu zina mtu anayeshona kofia. Mkalishe Swaleh karibu na huyo mtu, apewe sindano butu na kipande cha kitambaa, atunge uzi kwenye matundu yale madogo. Siku za kwanza atakosea tundu, atasogeza kitambaa hadi puani, atalia, atasema haoni. Haoni kweli, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Baada ya wiki utaona kitambaa kimeshuka kidogo kutoka puani, na huo umbali ni dalili nzuri kuliko maneno yangu yote. Kuchambua mchele, kupaka rangi ndani ya mistari, kusoma juzuu, vyote vyafaa. Hata mchezo wa simu si haramu hapo.

Usimtume dukani akiwa na plasta. Njia zetu unazijua: mtu na punda hawapishani bila mmoja kubana ukutani, na punda mwenye mzigo wa mawe hamsubiri mtoto aone vizuri. Asikae nayo gatini, asipande boti nayo, wala asipande nayo ngazi za darini peke yake. Plasta ni ya sebuleni au ya darini mkiwa naye.

Akiikataa kabisa, yapo matone ya atropini, yanayolifanya jicho zima lisione vizuri karibu kwa muda. Utafiti wa mwaka 2002 ulikuta kwamba, baada ya miezi sita, watoto waliotiwa atropini walikuwa wamepata nafuu karibu sawa na waliozibwa. Ni dawa ya kuandikiwa tu, na chupa yake ifungiwe mbali, kwa sababu akiinywa mtoto mdogo ni sumu. Na jicho likifika mahali pazuri, msiache ghafla. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka baada ya kuacha, kwa hiyo mtapunguziwa taratibu na mtaendelea kupimwa.

Programu ya jirani. Wazo lake halikutoka hewani. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha kuvaa usoni, Luminopia, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7 wenye ambliopia: mtoto hutazama vipindi vilivyochujwa ili ubongo ulazimike kutumia macho yote mawili, saa moja kwa siku, siku sita za wiki, wiki 12. Huandikwa na daktari, na huenda pamoja na miwani. Lakini mwaka 2016 mchezo wa kompyuta kibao wa namna hiyo ulilinganishwa na plasta ya saa mbili kwa watoto 385, na haukuipita plasta. Plasta ni rahisi mno kwa bei. Mtu anayekuuzia kitu kimoja kwa mtoto mwenye ambliopia na mzee mwenye presha ya macho, bila kuwapima yeyote kati yao, hajui anachouza, au anajua.

Nimefika kwa nahodha.

Presha ya macho, yaani glakoma, huua nyuzi za mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda ubongoni. Kila jicho huwa nazo takriban milioni moja, na zikifa hazioti tena. Rudi kwenye mfano wa barua: kwa Swaleh barua zafika, msomaji hajui hati. Kwa babu yake msomaji ni hodari, amesoma bahari miaka mingi, ila barua hazifiki. Hakuna zoezi, tone wala programu itakayomsomesha mtu barua ambayo haikuletwa. Kwa hiyo la kwanza kwake ni matone yake ya kila siku, kwa saa ile ile, hata kama haoni tofauti yoyote. Hataiona, kwa sababu kazi ya dawa ni kulinda kilichobaki. Wazee wengi huacha kwa kusema "haileti kitu", na miezi baadaye lile tundu limezidi kuwa dogo.

Lakini ubongo wake haujastaafu. Glakoma kwa kawaida huanza kula pembeni na kuacha katikati hadi mwisho, ndiyo sababu anaweza kuona shilingi mkononi na bado akagonga mlango. Mtu wa namna hii hufundishwa kuzungusha macho kwa utaratibu: kushoto, kulia, chini, kabla ya kupiga hatua, mpaka iwe mazoea kama nahodha anavyotazama tanga, maji na upeo bila kuambiwa. Anza na chumba kimoja. Paka ukingo wa kila ngazi chokaa nyeupe au bandika utepe wa rangi kali. Kahawa yake mimina kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye kikombe cheusi. Taa isimpige machoni, itokee nyuma ya bega lake.

Zaidi ya hapo, ubongo huweza kukodisha chumba kilichobaki wazi. Mwaka 1996 watafiti waliwapima vipofu wakisoma Breli, wakakuta sehemu ya kuona kisogoni inafanya kazi wakati vidole vinatembea juu ya nukta. Masikio nayo hufundishika. Mwaka 2021 Waingereza walitoa matokeo ya watu wasioona na wanaoona, wa miaka 21 hadi 79, waliofundishwa kwa wiki 10 kupiga ulimi na kusikiliza mwangwi ili watambue vitu na kutafuta njia. Waliweza, na uzee haukuwa kizuizi.

Miaka ya nyuma nilitembea Mkomani na mzee mmoja asiyeona kabisa. Alikuwa akigonga bakora chini, kidogo, ka, ka, ka, huku akinipigia hadithi. Ghafla akasimama, akaelekeza mkono wa kushoto: "Hapa pana uchochoro." Palikuwapo. Nikamuuliza amejuaje. "Ukuta umekatika," akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. Kuta zetu za matumbawe na chokaa, zilivyosogeleana, ni darasa zuri la mwangwi kuliko barabara pana ya mji wowote. Baba mkwe wako aanze angali na hicho kidogo anachoona, apewe fimbo nyeupe na mtu wa kumfundisha kuitumia. Ulizeni kitengo cha macho mlikompeleka Swaleh. Wao hujua mwalimu wa wasioona aliye karibu. Kwanza atakataa fimbo. Manahodha hukataa. Mwacheni aizoee kwanza ndani ya nyumba, asipoonwa.

Mna mawili mengine, yote ya damu. Glakoma hutembea kwenye ukoo, kwa hiyo mumeo na ndugu zake wapimwe presha ya macho na mshipa wenyewe, hasa wakishafika miaka 40, hata kama wanaona tai akiwa juu mawinguni. Na mtoto wako wa pili, ambaye hukunitajia umri wake: ndugu wa mwenye ambliopia naye apimwe, na vipo vipimo kwa mtoto asiyejua hata herufi moja. Mkivuka na Swaleh hiyo tarehe ya miezi mitatu, mchukueni naye kwenye boti hiyo hiyo.